Fomu za JAB na mahindi ya mjomba

Mtoto wa mjomba hapa Saboti ameniuliza asomee wapi Sayansi ya Tarakilishi (kompyuta, kwa wale wa mtaani). Nilicheka. Sisi tulijaza fomu za JAB, bodi iliyogawa nafasi za vyuo vikuu vya umma, kabla hata ya kufanya KCSE. Nilichagua kozi hiyo bila kuwahi kugusa kibodi. Nilipenda jina tu!

Hebu turudi nyuma. Hadi 1984, Moi kilipoanzishwa Eldoret, chuo kikuu cha umma kilikuwa Nairobi tu. Masinde Muliro cha Kakamega kikawa chuo kikuu kamili 2007, na Kibabii, hapo Bungoma, kikapewa hati yake 2015. JAB nayo iliondolewa na sheria ya 2012, ikaja KUCCPS.

Basi umbali si hoja tena. Kinachotatiza ni majina. Sayansi ya Tarakilishi imejaa hisabati na nadharia. Teknolojia ya Habari huelekea zaidi mitandao na mifumo ya ofisi. Kijana haipendi hisabati hata kidogo. Jumamosi tutasoma orodha ya masomo pamoja, mjomba akiwepo, kabla hajauza mahindi ya karo.