Nani atavuka feri kupandisha toleo? Kisa cha seva ya afya, Pwani 2011



Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani Msambweni nikapigiwa simu na mama mmoja anayesimamia kliniki ndogo upande wa Diani. Kumbukumbu za wagonjwa wake zimo katika kompyuta moja iliyo chini ya meza ya mapokezi, imefunikwa leso kukinga vumbi. Hiyo ndiyo seva. Programu iliyomo haijaguswa tangu ilipowekwa mwaka 2016, na sasa haikubaliani na kivinjari kipya. "Mwanangu," akaniuliza, "mkiipandisha toleo hii, watu wangu watabaki humo ndani?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni. Nilitaka kumjibu kwa sentensi mbili, nikajikuta namsimulia habari ya 2011 ambayo wengi wetu huku Kwale hatuijui, ingawa ilianzia mkoa wetu. Leo nawaletea na nyinyi.

Tuanze nyuma kidogo. Kabla ya mwaka huo, zahanati ilijaza fomu zake kwa kalamu: MOH 705 ya magonjwa, MOH 710 ya chanjo na nyinginezo. Fomu zikapelekwa wilayani, karani wa kumbukumbu akazijumlisha, kisha lahajedwali za Excel zikatumwa Nairobi kwa FTP. Aliyewahi kuunganisha Excel kutoka kwa watu kumi anajua tabu yake. Mmoja kaongeza safu, mwingine kaandika jina la zahanati kwa namna yake, wa tatu bado anatumia faili la mwaka juzi. Kwa lugha yetu, kila wilaya ilikuwa na toleo lake.

Wizara ikachagua DHIS2. Hii ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, lakini mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. DHIS ya kwanza ilijengwa juu ya Microsoft Access na kukaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja mmoja. Ya pili iliandikwa upya kwa Java, ikaanza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Inakaa kwenye seva na mtumiaji anaifungua kwa kivinjari tu.

Sasa sikilizeni penye utamu. Mpango wa awali wa Kenya haukuwa seva moja. Ulikuwa kusimika seva wilayani, kila moja na hifadhidata yake, kisha data zisafirishwe kwenda juu. Mkoa wa Pwani ndio ulioteuliwa kwa majaribio, na kwa wakati ule wazo hilo halikuwa la kipumbavu hata kidogo. Nani mwaka 2010 angeweka taarifa za nchi nzima mahali pamoja akitegemea intaneti ya Kinango?

Lakini piga hesabu ya fundi, si ya mhasibu. Chukua Kwale peke yake, ambayo wakati huo ilikuwa imegawanywa wilaya tatu: Kwale, Msambweni na Kinango. Seva tatu. Toleo jipya la DHIS2 limetoka (na miaka ile yalitoka mara kadhaa kwa mwaka). Fundi anatoka Mombasa na diski yake, anasubiri feri Likoni, anashuka hadi Msambweni. Anasimamisha Tomcat, anachukua nakala ya hifadhidata, anaondoa faili la zamani la programu, anaweka jipya, anawasha, anakaa kusoma logi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, anaanza kuomba Mungu. Akimaliza anarudi Kombani, anapanda Kwale mjini, anarudia yale yale, kisha barabara ya Kinango, ambayo enzi hizo ilikuwa ya vumbi. Akifika kwake kuna toleo jingine.

Hapo hatujagusa Kilifi, Tana River, Lamu wala Taita. Hatujasema pia jinsi chumvi ya bahari inavyokula ubao wa kompyuta mahali pasipo na kiyoyozi. Na wilaya mbili zikishakaa kwenye matoleo tofauti, umerudi kwenye Excel yako, safari hii kwa gharama kubwa zaidi.

Kilichobadilisha mambo ni kitu cha kawaida kabisa: modemu ya USB yenye laini ya simu. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa, na mitandao ya simu ilikuwa inasambaa. Timu ya majaribio ilipounganisha kompyuta na seva ya mbali kwa modemu, ikaona inatosha. Mpango wa seva za wilayani ukawekwa kando, ikabaki seva moja ya kati. Kufikia Septemba 2011 nchi nzima ilikuwa imeunganishwa, na Kenya ikawa ya kwanza kusini mwa Sahara kuendesha mfumo wa taifa wa taarifa za afya wote mtandaoni. Ayub Manya wa wizara, Jørn Braa wa Oslo na wenzao waliueleza uamuzi huo katika mkutano wa IST-Africa, Dar es Salaam, mwaka 2012.

Watu wanaposimulia kisa hiki husifu intaneti. Mimi nasema intaneti ilifungua mlango tu. Ushindi ulikuwa kwamba toleo jipya lilipandishwa mara moja, mahali pamoja, na karani wa Msambweni akalikuta asubuhi bila kuona fundi. Na intaneti ikikatika? Mwaka huo huo DHIS2 iliwekewa uwezo wa HTML5: tarakimu zinabaki ndani ya kivinjari mpaka mtandao urudi. Kidogo kile ambacho seva ya wilaya ingefanya, kikafanywa na Firefox.

Faida yake ilionekana tena 2013, majimbo ya utawala yalipobadilika. Mikoa ikafa, kaunti 47 zikazaliwa, na Kwale ikawa moja tena. Mpangilio wote wa zahanati chini ya wilaya chini ya mkoa ukabidi upangwe upya. Kulipanga hilo kwenye hifadhidata moja ni kazi ngumu. Kulipanga kwenye mamia ya hifadhidata, mimi ningeacha kazi nikauze mnazi.

Sisemi seva moja haina ubaya. Ukikosea kuipandisha, hukuharibu Kinango, umeharibu Kenya. Ripoti za mwezi hutakiwa ziwe zimeingizwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mwenye akili hapandishi toleo tarehe 13. Tena hakuna kurudi nyuma: DHIS2 ikishabadilisha majedwali ya hifadhidata, njia pekee ya kurejea toleo la jana ni nakala uliyoihifadhi jana. Na kuchelewa nako kuna bei. Oslo hutunza matoleo matatu ya mwisho tu, na toleo la 41 linadai Java 17, kwa hiyo aliyelala miaka mitano hupandisha vitu vitatu kwa pamoja.

Na kuna mahali hesabu ya 2011 haifanyi kazi. DHIS2 hukusanya jumla: watoto wangapi wamechanjwa, wangapi wana malaria. Faili la mgonjwa mwenye jina ni habari nyingine, daktari hawezi kumwambia angoje mtandao. Ndiyo maana KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS na kuanza kusambazwa 2012, iliwekwa kwenye seva ndani ya vituo vyenyewe. OpenMRS yenyewe ina asili hapa Kenya, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Huko yule fundi wa feri hakuepukika. Ikambidi abebe kila toleo kituo kwa kituo, au aingie kwa mbali pale mtandao uliporuhusu.

Kwa hiyo yule mama wa Diani yuko upande huu wa pili, na sikumshauri ahamishe kitu kwenda kwa mtu. Nilikwenda na diski mbili za nje. Tulichukua nakala, nikairudisha kwenye laptopu yangu ili kuhakikisha inafunguka, maana nakala ambayo hujawahi kuirudisha si nakala, ni faili tu. Kisha nikajaribu kupandisha toleo kwenye laptopu kwanza. Mara ya kwanza iligoma kwenye jedwali moja. Mara ya pili ikapita, tukahesabu wagonjwa kabla na baada, idadi ikalingana.

Seva yenyewe tutaigusa Jumamosi usiku, kliniki ikifungwa. Ameahidi kununua mafuta ya jenereta.