Pesa ya Shaba na Matumizi Madogo ya Watu wa Pwani

Kabla ya pesa ya shaba kuenea Unguja, Mombasa na miji mingine ya mwambao, mtu wa kawaida hakuwa na njia nyepesi ya kutoa kidogo ili apate kidogo. Sarafu iliyoaminiwa masokoni ilikuwa riale, ile sarafu nzito ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo iliendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780 miaka mingi baada ya mwenye sura kufariki, na ambayo wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa Ghuba waliizoea hata hawakutaka nyingine. Riale moja ilikuwa mali. Ingawa kwa hesabu iligawika robo na thumuni, haikumfaa mtu aliyetaka jani la tambuu au finjani moja ya kahawa. Mahitaji ya namna hiyo aghalabu yalitimizwa kwa nafaka: mtama ulipimwa kwa kibaba na pishi, ukabadilishwa kwa samaki, kwa chumvi au kwa mboga, na mwenye kutumia ilimlazimu kwanza afungue ghala yake na kuona kwa macho yake mwenyewe kiasi kilichopungua.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu nasaha za siku hizi juu ya kuweka akiba, zinazomtaka mtu aache chai ya mgahawani, soda, sigara na vocha ya simu, hutolewa kana kwamba tabia ya kumwaga sarafu ndogo ndogo kutwa kucha ni udhaifu ambao mwanadamu amezaliwa nao. Kwa pwani yetu sivyo. Ni desturi yenye mwanzo unaojulikana, iliyokuja kwa jahazi pamoja na shaba, ikalelewa na ujira wa kutwa na kipimo cha dukani. Na mtu atakaye kujua katika matumizi yake lipi aliache na lipi alishike, hana budi kuitazama jinsi ilivyokua.

Sayyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia utawala wake Unguja kutoka Maskati, ndiye aliyeagiza pesa za shaba kutoka India katika miaka ya 1840, ili masoko ya mji uliokuwa ukikua kwa biashara ya karafuu na pembe yapate sarafu ya kuvunjia riale. Thamani yake haikuwa thabiti hata kidogo, kwa kuwa hesabu ya pesa zilizotolewa kwa riale moja ilipanda na kushuka kwa kadiri ya wingi wa shaba iliyokuwamo mjini, na waliojua kuisoma hali hiyo walifaidika kwa kuvunja fedha tu. Mwanawe, Sayyid Barghash, alipopigisha sarafu zake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni 1882, aliitia pesa ya shaba alama ya mizani. Bara na mrima, chini ya Wajerumani, rupia moja ilikuwa pesa 64 mpaka mwaka 1904, ilipofanywa heller 100, na katika sarafu zao ndogo za miaka iliyofuata zikawamo zilizotobolewa katikati. Waingereza nao walitoboa senti zao, wakaipitisha Kenya kutoka rupia hadi florini mwaka 1920, kisha wakaingia katika shilingi ya senti 100 mwaka uliofuata; na Unguja, iliyong'ang'ania rupia kuliko jirani zake, ikaiacha mwaka 1936. Majina yalibadilika, lakini kazi ya ile sarafu ya chini kabisa haikubadilika: iliuwezesha mkono kutoa pasipo moyo kushituka.

Na ilitoa nini? Kwanza kahawa. Mwuza kahawa wa pwani, mwenye dele la shaba juu ya makaa na finjani alizozigonganisha mkononi ili mlio wake utangulie njiani, alipita barazani jioni baada ya sala, akamimina kahawa chungu, pengine yenye tangawizi, na waliokunywa waliishushia kwa kashata, tende au kipande cha halua. Katika baraza hizo ndimo zilimojulikana habari za vyombo vilivyotia nanga na pepo za kaskazi na kusi, bei ya karafuu na boriti, nani ameposa na nani amefiwa, nani anatafuta nahodha na nani ana nyumba ya kupangisha. Mtu aliyeikosa baraza aliikosa riziki mara nyingi kuliko alivyookoa pesa, na kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaoiweka finjani ya kahawa mwanzo wa orodha ya mambo ya kuachwa. Penye haki ya kulaumu ni pale mtu alipotaka kuwalipia wote waliokaa, si kwa ukarimu uliomjaa, bali kwa kuwa jana mwenziwe aliwalipia. Na huyo wa pili akajiona hana uso asipolipa kesho. Hapo kinywaji cha pesa moja kiligeuka deni la heshima lisilokuwa na mwisho.

Uraibu ulikuwa na taratibu zake. Tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, na kwa wenye kupenda katu pia, vilikaa ndani ya kijaluba, ambacho kwa matajiri kilikuwa cha fedha iliyonakshiwa, na mgeni asiyetolewa uraibu alihesabu kuwa hakupokewa. Mpopoo unaota Unguja na Pemba, na mtambuu huparamia miti ya kwetu, basi aliyekuwa na shamba hakuona gharama. Lakini mkaaji wa mjini, aliyenunua kila jani na kila kipande cha popoo, alitafuna fungu la ujira wake mchana na usiku bila ya kujua amekula kiasi gani, kwa maana hakuna aliyewahi kukaa na kuhesabu majani ya tambuu aliyoyatema.

Hata hivyo, si kahawa wala tambuu iliyowafilisi watu. Hasara kubwa ilikuwa katika vitu vya lazima, navyo ni mchele, sukari, chumvi, mafuta ya nazi na mafuta ya taa, kwa namna vilivyonunuliwa. Kazi za bandarini, za mashambani na za reli zilimlipa kibarua kwa siku au kwa juma, na mwenye kupata ujira wa namna hiyo hakuweza kuleta gunia nyumbani. Alimtuma mtoto dukani kununua sukari iliyofungwa katika karatasi iliyopindwa, mafuta ya taa ya kujaza kibatari kwa usiku mmoja tu, chumvi ya mchuzi wa leo. Mwenye duka, aghalabu Mhindi ambaye naye alikuwa na deni kwa mfanyabiashara mkubwa wa mjini, alikuwa radhi kupima hata kidogo kuliko kibaba, na hilo tuliite huduma, kwa sababu bila yake nyumba nyingi zingelala gizani. Lakini aliyenunua kwa frasila na aliyenunua kwa kibaba hawakununua kwa bei moja, na aliyenunua chini ya kibaba alilipa zaidi ya wote wawili. Tena ikiwa pesa haipo, basi jina liliandikwa daftarini, na mwisho wa juma ujira ulikwenda kulipa vilivyokwisha kuliwa, na kazi ya juma jipya ikaanza kwa daftari jipya. Maskini alinunua ghali kwa sababu ni maskini, akabaki maskini kwa sababu alinunua ghali, na mhubiri aliyempita njiani akamwona ameshika kijaluba, akasema kijaluba ndicho kilichomharibu.

Uko pia upande wa mavazi na ngoma, ambao umeandikwa sana na kueleweka kidogo. Kanga zilipoanza kuvaliwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na wauzaji wakawa wanaleta nakshi mpya mara kwa mara, mwanamke wa mjini aliona haya kuonekana arusini na doti ya msimu uliopita, na mume aliyelalamika aliambiwa asemaye hivyo si mume. Wapo walioita hayo israfu mara moja. Lakini tukumbuke tarehe: utumwa ulipoteza nguvu ya sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na wengi wa walioshindana kwa kanga, buibui, kanzu na kofia walikuwa watu, au watoto wa watu, waliokuwa wamekatazwa kufunika kichwa na kuvaa viatu mbele ya mabwana zao. Nguo kwao ilikuwa hati ya uhuru isiyoandikwa na karani, na mtu aliyeinunua kwa senti za mwezi mzima alijua alichokuwa akikinunua. Mimi siwezi kuita matumizi hayo upuuzi.

Niwezayo kuyaita upuuzi ni mashindano yaliyofuata, wakati uhuru ulipokwisha kuzoeleka na fahari ikabaki peke yake. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoanza katika miji ya pwani ya Kenya na kushuka mpaka Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti viligawa miji mizima pande mbili, vilitoza wanachama wao michango ya sare, ya tarumbeta, ya karamu za kuwakomoa wapinzani. Na vyama vya wanawake vya ngoma ya lelemama havikuwa nyuma. Ongeza ada za arusi, ambazo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alizieleza kwa marefu katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903: mahari hayakutosha, bali palikuwa na kilemba, na mkaja, na ubeleko, na kifungua mlango, na cha huyu na cha yule, kila kimoja kidogo, na vyote pamoja vikiweza kumtia kijana rehani kwa miaka.

Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na ambaye mwaka 1937 alipewa ukadhi mkuu wa Kenya, alilisemea jambo hili kwa ukali ambao haujapata mfano katika Kiswahili. Katika jarida lake dogo Sahifa, alilolianzisha mwaka 1930, na katika al-Islah lililofuata mwaka 1932, aliwakemea watu wake kwa fedha zilizomwagwa ngomani, arusini na matangani ilhali watoto hawana madarasa na mashamba yanauzwa kwa wageni; na baadhi ya makala hayo yakakusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Miaka hiyo ilikuwa ya dhiki, bei za mazao zimeanguka dunia nzima, na kila aliyesoma alijua kwamba mwandishi anasema kwa uchungu wa mtu wa ndani. Namheshimu kwa hayo yote. Ila naona kwamba jicho lake liliona zaidi karamu, inayoonekana na kila mtu, kuliko karatasi ya sukari, isiyoonekana na mtu. Na wengi waliomfuata waliichukua lawama wakaiacha elimu aliyotaka ijengwe kwa fedha hizo.

Serikali nazo zilitoa dawa yao: benki ya akiba ya posta, iliyofunguliwa Kenya mwaka 1910 na Tanganyika mwaka 1925, ambayo ilipokea hata fedha chache na kumpa mwekaji faida. Dawa hiyo ilikuwa na uzito wake kwa Waislamu, maadamu faida ilifanana na riba. Misri ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo baada ya kuanzisha sanduku la akiba la posta mwaka 1901, na wanazuoni wake walijadiliana juu yake katika zama za Sheikh Muhammad Abduh na jarida la al-Manar, ambalo Sheikh al-Amin alikuwa msomaji wake. Watu wengi wa pwani hawakungoja fatwa. Waliendelea kutia akiba zao katika bangili za dhahabu, ambazo huvaliwa siku ya furaha na huwekwa rehani siku ya shida, au kuzifunga kibindoni, au kuzitumbukiza katika kibubu.

Wenye maarifa kuliko wote, kwa maoni yangu, walikuwa wanawake waliocheza upatu. Kundi la jirani au jamaa hukubaliana kila mmoja atoe kiasi kimoja kwa juma au kwa mwezi, na jumla yote hupewa mmoja wao kwa zamu, mpaka mzunguko uishe. Hapana faida inayozidi, basi hapana ugomvi na sharia. Hapana karatasi, basi asiyejua kusoma hadanganywi. Yule ambaye mchana alinunua sukari kwa karatasi, zamu yake ikifika hununua gunia la mchele na debe la mafuta kwa bei ya jumla, na kwa miezi kadhaa jina lake halimo daftarini. Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba hakuna aliyemwambia aache kahawa au tambuu. Fedha ya upatu hutolewa kwanza, siku ile ile ujira unapoingia nyumbani, kabla haijavunjwa, na kilichosalia hutumiwa kama mtu apendavyo. Hatari yake ni mtu kupokea mapema kisha akaacha kutoa, na kwa ajili hiyo huchaguliwa kijumbe, mtu mzima anayejulikana mtaa mzima, ambaye hukusanya, hupanga zamu, hulipa kutoka mfukoni mwake anapokosekana mmoja, na humtanguliza mbele ya foleni yule aliyefikwa na msiba au aliye na mtoto wa kuoza.