Chumvi Katika Historia ya Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Katika lugha yetu mzee husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Msemo huo una maana, kwani mahali palipo mbali na bahari chumvi ilikuwa mali. Huko Uvinza watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara ikaifuata kutoka mbali. Penginepo bara wazee wetu walichoma majani ya mabwawani, wakachuja majivu yake, wakapata munyu. Lakini kukoleza mboga ni jambo moja, na kuilinda tezi ya shingo ni jambo jingine.

Tuitazame Mbinga. Wamatengo, walipobanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, walishikilia kilimo cha ngolo, yaani mashimo yazuiayo mvua isichukue udongo. Huo ni ustadi wa kujivunia. Hata hivyo, kabla jembe la kwanza halijagusa miteremko ile, mvua za maelfu ya miaka zilikwisha kuyaosha madini joto, ambayo wataalamu huyaita iodini, zikayapeleka baharini. Mazao yakayakosa, na mlaji naye akayakosa.

Kule mwambaoni, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, mtu angedhani samaki wa ziwa wangetosha. La, hasha! Samaki wa maji baridi hawana madini hayo kwa wingi kama wale wa baharini. Tena muhogo usiposindikwa vizuri huwa na sumu inayoizuia tezi kuyatumia hata hayo machache.

Ndipo rovu lilipozoeleka. Wako waliolihesabu kuwa urithi wa ukoo, wako walioshuku uchawi, na wako waliocheka. Wachache walijua kwamba uvimbe ule ulikuwa dalili tu. Msiba wenyewe ulikuwa tumboni mwa mama: mimba kuharibika, au mtoto kuzaliwa kiziwi, amedumaa mwili na akili. Ni watoto wangapi tuliowaita wazito darasani, tukawaadhibu, kumbe walinyang'anywa haki yao kabla hawajazaliwa?

Dawa ilikuwa ndani ya chungu. Uswisi ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922, na Marekani mwaka 1924. Kwetu, Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba karibu asilimia 25 ya watoto wa shule waliopimwa nchini walikuwa na rovu, na nyanda za juu za kusini ziliathirika sana. Vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawanywa katika wilaya zilizozidiwa, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikaagiza chumvi yote ya kuliwa itiwe madini hayo. Kufikia mwaka 2004 kiwango kilishuka hadi asilimia 7.

Ushindi huu hauna mnara, wala haujilindi wenyewe. Chumvi isiyotiwa madini joto ikirudi gulioni, rovu nalo hurudi. Hatuna budi kuwafundisha vijana wachague chumvi iliyotiwa madini, waihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moto, na waitie chunguni chakula kinapokaribia kuiva. Wazee wa Umatengo waliulinda udongo kwa ngolo. Nasi tuzilinde akili za wajukuu wao kwa kijiko cha chumvi.