"Daktari, Dawa Haifanyi Kazi Tena"

Wasee, leo si stori ya muziki. Leo ni mguu wangu.

Tangu ajali ya boda miaka miwili iliyopita, mguu wa kushoto unachoma usiku kama mtu amewasha jiko ndani ya goti. Nilipewa tramadoli. Miezi ya kwanza ilikuwa poa, nameza, nalala. Baadaye kidonge kilekile, saa ileile, na mimi niko macho saa tisa usiku nasikiliza matatu zikipita. Nikaanza kujiongezea kimoja kutoka kemisti. Kwa daktari sikusema kitu wiki sita. Niliogopa kuitwa teja.

Kumbe hiyo hofu imenizidi umri kwa mbali.

Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilileta sokoni dawa ya kikohozi, ikasifiwa kwamba haina shida ya uraibu kama mofini. Jina lake? Heroini. Ndiyo, hiyo hiyo. Kufikia 1924 Marekani ilikuwa imepiga marufuku kuitengeneza. Baada ya kuchomeka hivyo, madaktari wengi wakageukia upande mwingine kabisa: mofini ukapewa kidogo, tena ukishapiga kelele. Mgonjwa akisema dawa imeisha nguvu mapema, anaangaliwa vibaya.

Mtu ninayempenda kwa hii historia ni Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama nesi, akawa mfanyakazi wa jamii, kisha akasomea udaktari. Alifungua hospisi ya St Christopher's, London, mwaka 1967. Kitu alichofanya ni rahisi mpaka kinakera: alikaa kitandani na wagonjwa wa saratani akawauliza maumivu yakoje, akawapa dawa kwa saa maalum kabla maumivu hayajarudi. Wengi walitulia, hawakugeuka mateja.

Halafu pesa ikaingia. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue, Marekani, ilianza kuuza OxyContin, eti kidonge kimoja kinakushikilia saa 12. Wagonjwa wengine wakalalamika kwamba kinaisha mapema. Wauzaji wa kampuni wakawaambia madaktari waongeze dozi. Hebu fikiria: mtu anasema dawa haifanyi, na jibu ni dawa zaidi ya ileile. Mwaka 2007 kampuni dada ya Purdue ilikiri mahakamani kwamba wauzaji walipotosha watu kuhusu hatari ya uraibu. Kufikia hapo watu walikuwa wamezikwa.

Kwa hivyo sentensi moja ya mgonjwa imekuwa ikipata majibu mawili mabaya, "unadanganya" na "ongeza". Na mimi, bila daktari, nilikuwa nimejipa yote mawili.

Nilienda Jumanne. Nikasema haraka haraka nikiangalia sakafu: daktari, dawa haifanyi kazi tena, na nimekuwa nikijiongezea. Hakunifokea. Akauliza, "Kijana, yanauma ama yanachoma? Saa ngapi? Na unameza ngapi kwa siku, ukweli?" Akagusa ngozi kwa pamba, nikaruka.

Akanieleza kwamba mwili unaweza kuzoea dawa mpaka dozi ya zamani isitoshe, na hiyo peke yake si uraibu. Uraibu ni pale unashindwa kujizuia hata dawa ikikuharibia maisha. Lakini pia kwangu kuna kitu kingine: huku kuchoma ni maumivu ya neva, na dawa za aina ya tramadoli mara nyingi haziyawezi vizuri. Kujiongezea ndiko kulimtisha, kwa sababu tramadoli nyingi inaweza kukuletea kifafa. Hiyo sikuijua, na nilikuwa nameza gizani.

Amenipa dawa nyingine ya neva, na tramadoli tunaipunguza polepole kwa ratiba yake, si kuacha ghafla. Nirudi baada ya wiki 3 na daftari, kila usiku niandike saa niliyoamka.

Jana nimeandika saa kumi na moja kasorobo.