Nani Alipima Rinda Lako?

Sketi ya ngazi haina siri. Itazame vizuri utaona ni mistatili mitatu ya kitambaa, kila mmoja mrefu kuliko ule wa juu yake. Kiuno kikiwa sentimita 80, ngazi ya kwanza unaikata 120, ya pili 180, ya tatu 270. Unapitisha mishono miwili mirefu ukingoni, unavuta uzi, kitambaa kinajikunja marinda mpaka kinatoshana na ngazi ya juu. (Wewe unayecheka neno marinda, tulia.) Hesabu hiyo hata mtoto wa shule anaiweza.

Shida iko juu. Kifua, mabega, makwapa. Hapo ndipo gauni hukubali mwili au huukataa.

Miaka ya 1850 sketi za ngazi zilikuwa zimeshika kabisa Ulaya na Marekani. Viwanda vilifikia kufuma vitambaa vyenye nakshi tayari, kila ngazi na ukingo wake. Sehemu ya juu nayo ilibana mwili kama ganda, na nguo ya kukaa hivyo hukuichukua tu dukani. Ulihitaji fundi wa kukupima, kukubandika pini ukiwa umesimama, kufumua, kisha kurudia.

Pale St. Louis, fundi mmoja wa namna hiyo alikuwa Elizabeth Keckley, na alikuwa mtumwa. Sindano yake ililisha watu 17 kwa zaidi ya miaka miwili, wakiwemo hao hao waliommiliki. Soma hiyo tena. Bei ya uhuru wake na wa mwanawe ilikuwa dola 1,200. Wateja wake wakamkopesha, akawa huru mwaka wa 1855, na akashona mpaka deni likaisha. Baadaye alimshonea Mary Lincoln, mke wa rais, na wengi hupenda kuanzia stori yake hapo, kwenye hariri na Ikulu. Mimi hizo dola 1,200 ndizo zinanikalia akilini. Waliommiliki walikula jasho la ujuzi wake, lakini hawangeweza kuutoa mikononi mwake.

Kisha akaja Ebenezer Butterick, fundi wa Massachusetts. Pateni za karatasi zilikuwapo kabla yake, ila mara nyingi zilitoka saizi moja. Kupanua au kupunguza ilikuwa shauri yako. Mwaka wa 1863 akaanza kuuza pateni zenye saizi tofauti. Alianza na nguo za wanaume na wavulana, za wanawake zikafuata miaka michache baadaye. Ulipata karatasi nyepesi isiyochapwa kitu, yenye matundu na vikato vya kukuonyesha kipande gani kinashikana na kipi. Singer naye alikuwa tayari anauza cherehani kwa lipa pole pole. Kumbe sasa mama aliye mbali na mji angeweza kukata gauni mezani kwake.

Lakini karatasi ilijua nini kuhusu mwili wake? Pateni ya gauni ilinunuliwa kwa kipimo cha kifua. Mabega, mgongo, mkono, vyote vilikisiwa kukifuata. Mwenye kifua kikubwa na mabega membamba alipewa mabega ya mtu mwingine. Dhana hiyo bado iko kwenye pateni nyingi unazopakua leo, na si mwili wako wenye kosa. Chagua saizi ya mabega, kisha kata kipande cha mbele cha karatasi, kifungue, uongeze nafasi kifuani. Jaribu kwanza na shuka kuukuu. Angalia hasa mshono wa ngazi ya kwanza: kifua kikivuta kitambaa, mshono unapanda mbele, na ngazi zote za chini zinaufuata.

Mafundi wengi wa Nairobi hawagusi pateni. Tepu shingoni, chaki, daftari la vipimo, basi. Makasi yanaingia moja kwa moja. Kuna watu huona huo ni ushamba. Mwaka wa 1892, karibu miaka 30 baada ya karatasi za Butterick, Keckley alienda Wilberforce, chuo cha Wamarekani Weusi huko Ohio, kufundisha ushonaji. Alikuwa amepita miaka 70, na wanafunzi walikuja.