Berlin kwa Miguu: Vituo Ambavyo Ziara Huvipita

Ziara ya Berlin kwa kawaida huanzia Pariser Platz, mbele ya Lango la Brandenburg. Mwongozaji anainua mwavuli ili asipoteze watu wake, anauliza kila mmoja ametoka nchi gani, kisha anaanza. Lango lilikamilika 1791. Napoleon aliingia mjini 1806 akawabeba wale farasi wa juu ya lango hadi Paris, wakarudishwa 1814. Ukuta ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961, ukaanguka 9 Novemba 1989. Baada ya hapo mnaonyeshwa zile nguzo 2,711 za kuwakumbuka Wayahudi waliouawa, mnasimama kwenye maegesho ya magari ambayo chini yake Hitler alijiua, mnamalizia Checkpoint Charlie. Mnampa mwongozaji bahshishi yake, selfi ya mwisho, kwaheri.

Ni ziara nzuri, na mji huu unasifiwa kwa sababu ya haki: ni miji michache inayoweka kumbukumbu ya uovu wake katikati ya mtaa, mahali ambapo hata mbunge akienda kazini ataiona. Lakini kuna ziara nyingine inayopita njia zilezile, na hiyo inatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili. Vituo vyake vingi havina foleni. Hebu tuifanye.

Wilhelmstraße 92

Kutoka kwenye yale maegesho ya Hitler ni mwendo wa dakika chache tu. Ukifika utadhani umepotea njia: ni maghorofa ya makazi yaliyojengwa miaka ya mwisho ya Ujerumani Mashariki, na kando ya barabara bango la ukumbusho. Basi. Hapa palikuwa na jumba la Chansela Otto von Bismarck, na humo ndimo wawakilishi wa mataifa 14 walikutana kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Ndio ule Mkutano wa Berlin wa vitabu vya shule. Mwafrika hakukaribishwa hata mmoja.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba katika chumba hicho Afrika ilikatwa kama keki, rula na kalamu mezani. Kumbe mambo yalikwenda polepole zaidi. Mkutano ulijadili biashara ya Kongo, safari za meli katika mto Niger, na masharti ya taifa la Ulaya kudai kipande cha pwani. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, na mataifa mawili mawili, kwa barua.

Angalia tarehe lakini. Mkutano ulifungwa 26 Februari. Kesho yake, 27 Februari 1885, Kaiser Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi kwa chama cha Carl Peters, kijana wa miaka 28 aliyekuwa ametoka tu Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, mkobani amejaza mikataba ya Kijerumani iliyotiwa alama na machifu wasiojua Kijerumani. Karatasi hizo ndizo zilizozaa koloni.

Mwaka uliofuata, 1886, Uingereza na Ujerumani zikaelewana: mstari uanze mdomo wa mto Umba karibu na Vanga, uende Ziwa Jipe, uuzunguke Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha unyooke hadi Ziwa Victoria. Ukivuka leo Taveta, Loitokitok au Namanga, unavuka mstari huo. Ile stori ya Malkia Victoria kumpa mjukuu wake Kaiser mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ni porojo. Mjukuu huyo, Wilhelm II, hakuwa Kaiser bado. Alishika kiti 1888. Mlima uligawiwa kwa barua za kiofisi, na wakazi wake hawakuulizwa.

Kenya pia ilikuwa na kipande chake cha Ujerumani. Witu, bara ya Lamu, iliwekwa chini ya ulinzi wa Wajerumani 1885. Tarehe 1 Julai 1890 mkataba ukatiwa saini hapa Berlin: Ujerumani ikawaachia Waingereza Witu, ikakubali wawe walinzi wa Zanzibar, na yenyewe ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Kabla mwaka haujaisha wanajeshi wa Uingereza walikuwa wameuchoma mji wa Witu.

Stesheni iliyobadilishwa jina

Jirani hapo kuna stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Kwa miongo mingi barabara yake iliitwa Mohrenstraße, neno la kale la Kijerumani la kumwita mtu mweusi, na wengi walilisikia kama tusi. Baraza la mtaa wa Mitte liliamua 2020 kwamba jina libadilishwe. Wenyeji waliopinga wakaenda mahakamani, na kesi zikaburuta miaka mitano. Ni Agosti 2025 ndipo barabara ikawa Anton-Wilhelm-Amo-Straße.

Amo alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 18 katika nchi tunayoiita Ghana leo, akaletwa Ujerumani akiwa mtoto, akasoma Halle, akapata udaktari wa falsafa Wittenberg 1734, akafundisha Halle na Jena. Mwaka 1729 alitetea hoja kuhusu haki za watu weusi barani Ulaya. Miaka karibu 300 baadaye, haki ya jina lake kukaa juu ya kibao cha barabara bado iliamuliwa na majaji.

Darasa la Kiswahili

Endelea hadi Unter den Linden, kwenye chuo kikuu. Mwaka 1887 kilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kilikuwemo tangu mwanzo. Waliokuwa wakienda Afrika Mashariki kutawala na kufanya biashara walijifunza hapa namna ya kuamrisha, kutoza kodi na kusikiliza kesi. Na kwa kuwa lugha haifundishiki kwa kitabu peke yake, chuo kiliajiri wenye lugha. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha hapa miaka ya 1890, akaandika kwa Kiswahili habari za maisha yake. Yaani wakati Ulaya inatuandika, nasi tulikuwa tunaiandika.

Aliyeacha alama kubwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyefika 1900. Kitabu cha *Desturi za Wasuaheli* kilichotoka 1903 kwa sehemu kubwa ni maneno yake: kuzaliwa, jando, arusi, ngoma, deni, mazishi. Jalada lilibeba jina la Carl Velten, mkusanyaji. Mpaka leo, mwanahistoria akitaka kujua watu wa Mrima waliishi vipi karne ya 19, atapita mikononi mwa Mtoro.

Mwaka 1904 Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 wakapanda meli kwenda Dar es Salaam. Walowezi hawakutaka kusikia habari ya ndoa hiyo, na serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka wote wawili. Meli iliwarudisha Ulaya. Mtu aliyewaeleza Wajerumani desturi za pwani alizuiwa kukanyaga pwani hiyo na mkewe. Alifia Ujerumani 1927.

Mifupa ya Lindi

Panda treni ya U6 hadi Naturkundemuseum. Hapa kuna foleni, tena ya watoto wa shule. Katikati ya ukumbi amesimama dinosaria mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, mkubwa kuliko mifupa yote iliyounganishwa na kusimamishwa ndani ya jumba la makumbusho. Ametoka Tendaguru, karibu na Lindi. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache baada ya vita vya Maji Maji kuumaliza mkoa huo kwa njaa, mamia ya wachimbaji na wapagazi walifukua zaidi ya tani 200 za mifupa, wakaibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini.

Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyejua udongo, ndiye aliyewafundisha wengine kufukua bila kuvunja. Wanasayansi wa Kijerumani walipewa viumbe vyenye majina yao mapema. Boheti alisubiri hadi 2007, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa *Australodocus bohetii*.

Jiwe la Brunnenstraße

Sasa tembea hadi Brunnenstraße 193 na uangalie chini. Kwenye njia ya miguu kuna kibao cha shaba, kidogo kama kiganja. Wajerumani huyaita mawe ya kujikwaa. Yako zaidi ya 100,000 barani Ulaya, kila moja limewekwa mbele ya nyumba ambamo mtu aliyeteswa na Wanazi aliishi. Hili ni la Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa Dar es Salaam 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, mtoto wa askari. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alikuwa na miaka kumi, akaingia jeshini pamoja na baba yake upande wa Ujerumani. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Akakataliwa. Hakurudi. Akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba la starehe la Potsdamer Platz, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaoa 1933, akaigiza katika filamu zaidi ya 20. Filamu yake ya mwisho ilitoka 1941, nayo ilimsifu Carl Peters. Ndiyo, yuleyule wa mikataba.

Mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe. Bila kesi, alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe liliwekwa 2007.

Mtaa wa Kiafrika

Rudi kwenye U6, nenda kaskazini hadi Afrikanische Straße, mtaani Wedding. Ukicheki ramani kwenye simu utacheka kidogo: Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße, Togostraße. Majina yalianza kuwekwa 1899, koloni zikiwa jambo la kujivunia. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama kutoka Hamburg, alipanga kufungua hapa bustani ya kuonyesha wanyama na watu kutoka makoloni. Vita vya 1914 vikauvunja mpango. Kuonyesha watu kulikuwa kumeshafanyika. Mwaka 1896 katika bustani ya Treptow, zaidi ya watu 100 kutoka Afrika na Pasifiki waliwekwa wazi kutazamwa. Mmoja wao, Kwelle Ndumbe wa Kameruni, alijinunulia darubini ya kutazamia opera, akaanza kuwatazama watazamaji.

Barabara moja hapa iliitwa Petersallee, na Wanazi ndio walioiita hivyo 1939 kumuenzi Carl Peters. Watu wa bara walimjua Peters kama *mkono wa damu*. Kule Kilimanjaro aliamuru mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja wanyongwe, na 1897 hata serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi. Malalamiko yalipozidi miaka ya 1980, mji ulipata ujanja: 1986 ulitangaza kwamba Peters anayekumbukwa sasa ni Hans Peters, mwanasiasa wa Berlin aliyewapinga Wanazi. Kibao kikabaki palepale. Ilichukua miaka mingine 38 ya maandamano, barua na ziara za mitaani kabla barabara hiyo kugawanywa, Agosti 2024, kuwa Anna-Mungunda-Allee na Maji-Maji-Allee. Kule Neukölln, barabara ya Hermann von Wissmann, aliyemnyonga Abushiri Pangani 1889, tangu 2021 ni ya Lucy Lameck, mwanasiasa wa Moshi.

Miongoni mwa waliosukuma mabadiliko hayo kwa miaka mingi ni Mnyaka Sururu Mboro, Mtanzania kutoka Kilimanjaro ambaye huwaongoza watu katika mtaa huu. Alipoondoka kwao miaka ya 1970 kwenda kusoma Ujerumani, bibi yake alimpa kazi moja: arudi na kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Moshi tarehe 2 Machi 1900. Kichwa hicho hakijapatikana.

Kituo kisicho na anwani

Bibi hakuwa anaota. Felix von Luschan, daktari na mtunza makumbusho wa Berlin, alikusanya maelfu ya mafuvu, mengi kutoka makoloni: makaburini, kwenye uwanja wa vita, chini ya miti ya kunyongea. Wakfu wa Utamaduni wa Prussia, unaoyahifadhi sasa, ulichunguza yale ya Afrika Mashariki na 2023 ukatoa matokeo. Mafuvu 904 yalitoka nchi tunayoiita Rwanda leo, 202 Tanzania, na 22 Kenya. Mwaka huohuo vipimo vya DNA viliwapata Kilimanjaro jamaa walio hai wa baadhi ya waliochukuliwa, mmojawapo akiwa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mtu aliyekuwa namba ndani ya boksi akapata tena jina, na wajukuu.

Hilo ndilo linalounganisha vituo vyote hivi. Hakuna kibao hata kimoja kilichobadilika kwa sababu mji uliamka siku moja na dhamiri safi. Kila jina lina mtu aliyeuliza, akapuuzwa, akauliza tena: Husen akidai mshahara, bibi wa Mboro akidai kichwa, wakazi wa Wedding wakidai kibao.

Wale 22 wa Kenya wako Berlin bado. Tunajua idadi yao. Siku utakayosimama mbele ya Lango la Brandenburg, na mwongozaji akuulize umetoka nchi gani, mwambie Kenya. Kisha umuulize kuhusu wao.