Kutoka Kabati la Chuma hadi Printa ya Mtandao: Ulinzi wa Nyaraka za Forodha Busia na Tororo

Historia ya mpaka wa Kenya na Uganda imezingatia zaidi reli, barabara na biashara. Karatasi zinazoruhusu mzigo kuvuka zimepewa nafasi ndogo. Makala hii inadai kwamba Busia, na vilevile Malaba wilayani Tororo, siri ya nyaraka za forodha ililindwa kwanza na kuta za ofisi, na kwamba kuta hizo zilipoacha kuzitenga dola mbili, kazi yake iliuangukia mtandao.

Awali dereva wa lori alisimama mara mbili, upande wa Kenya na upande wa Uganda. Kila dola ilikuwa na jengo lake, muhuri wake na kabati lake. Aliyetaka kuchungulia tamko la mwingine ilimbidi aifikie karatasi yenyewe.

Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipata sheria ya vituo vya pamoja vya mpakani, iliyowawezesha maofisa kufanya kazi katika ardhi ya nchi jirani. Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha Busia. Mzigo uingiao Uganda ukawa unahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda. Uingiao Kenya, upande wa Kenya.

Kwa mpangilio huo, printa ya dola moja huweza kukaa chini ya paa la nyingine. Nayo printa ya mtandao ni kompyuta: ina kumbukumbu, huja na nywila ya kiwandani, na nyingi hupokea kazi kupitia mlango wa mtandao namba 9100 bila kumtambua mtumaji. Novemba 2018 mtu mmoja alidai kuchapisha ujumbe wake katika printa zipatazo 50,000 duniani. Ujumbe ule ulikuwa wa mzaha. Tamko la forodha hutaja mwenye mali, bidhaa na thamani yake. Likivuja, mfanyabiashara hubaki uchi mbele ya washindani wake.

Mwaka 2019 Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data binafsi. Hata hivyo, sheria haibadilishi nywila. Kutenga mtandao wa printa, kudai namba ya siri kabla ya karatasi kutoka, na kufuta kumbukumbu kabla ya mashine kuuzwa ndiko kulikorithi kazi ya ufunguo wa kabati.